Beringi Hubanwa, Haipigwi Nyundo: Zana za Kujitengenezea kwa Baiskeli Zenye Shokapu



Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni beringi ya fremu ya baiskeli. Tumekichagua kwa sababu mtumiaji anaweza kununua beringi halisi, kwa bei halali, katika duka lenye jina jema, kisha ikaharibika siku ile ile ilipofungwa. Hasara ya namna hiyo huzua ugomvi wa watu watatu: mwenye baiskeli, muuza vipuri na fundi. Tutaeleza inavyotokea, na jinsi zana rahisi ya kujitengenezea inavyoweza kuizuia.

Katika ukanda huu wa pwani, kuanzia Bunju na Mapinga, kupita Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini na Kaole, baiskeli ni chombo cha riziki. Hubeba samaki, maji, mkaa na watoto wa shule. Miongoni mwa baiskeli za mtumba zimo zile za mlima zenye shokapu ya nyuma, ambazo vijana huzipenda kwa sababu huvumilia mashimo ya njia. Ni hizo tunazozizungumzia, ingawa mengi tutakayosema yanahusu pia magurudumu ya pikipiki.

Kwa nini beringi za fremu hufa mapema

Fremu ya baiskeli ya kawaida ni kitu kimoja kisichocheza. Fremu yenye shokapu ya nyuma imegawanyika: kuna sehemu ya mbele, na kuna mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Zinapokutana pana viungo, na ndani ya kila kiungo mna beringi au bushi.

Beringi ya gurudumu huzunguka duara zima, na kwa kuzunguka hueneza grisi yake. Beringi ya fremu haizunguki. Huyumba kidogo tu, mbele na nyuma, kama bawaba ya mlango. Gololi zake hukandamiza mahali pale pale kila siku, na maji yakiingia hutulia hapo hapo. Hapa kwetu maji hayo huwa na chumvi. Anayepita ufukweni wakati wa maji kupwa huchota chumvi na mchanga kwa pamoja. Anayeosha baiskeli kwa mashine ya maji ya nguvu, akielekeza mpira kwenye viungo, husukuma uchafu huo hadi ndani. Maji ya ndoo na kitambaa yanatosha.

Dalili za ugonjwa ni nyepesi kutambua. Shika fremu kwa mkono mmoja, tikisa gurudumu la nyuma kwa mwingine, kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, hakikisha kwanza hautoki kwenye ekseli ya gurudumu. Kisha fungua bolti ya shokapu na uinue mkono wa nyuma taratibu. Ukikwaruza au kukwama, kiungo kimeharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kiungo kinachocheza hula nyumba ya beringi, yaani tundu la fremu linaloishika, na tundu hilo likishapanuka hakuna beringi itakayokaa imara. Hapo hasara ni ya fremu nzima.

Jua unachokinunua

Fungua kiungo kabla ya kwenda dukani. Baiskeli nyingi za bei ya chini zenye shokapu hazina beringi za gololi kabisa. Zina bushi za plastiki au za shaba nyeusi. Anayeuziwa beringi kwa ajili ya fremu ya bushi amepoteza fedha bila sababu.

Ikiwa ni beringi, safisha ubavu wake usome namba. Namba hiyo ndiyo lugha ya pamoja kati yako na muuzaji. Beringi 6900 ina tundu la milimita 10, kipenyo cha nje milimita 22 na unene milimita 6. Beringi 608 ina kipenyo kile kile cha nje, milimita 22, lakini tundu lake ni milimita 8 na unene milimita 7. Kwa macho hufanana. Kwenye fremu haziwezi kubadilishana. Beringi 6902 ni milimita 15, 28 na 7. Beringi 6001 ni milimita 12, 28 na 8. Namba ikiwa imefutika, pima vipimo vyote vitatu kwa kipimio cha venia, au nenda na beringi yenyewe. Usinunue kwa kukadiria.

Herufi zinazofuata namba nazo zina maana. 2RS humaanisha vifuniko vya mpira pande zote mbili. ZZ humaanisha vifuniko vya bati. Bati halizuii maji kama mpira unavyozuia, kwa hiyo kwa mwambao huu tunashauri 2RS. Beringi nyingine za fremu hujazwa gololi nyingi zaidi na huandikwa MAX. Ukiikuta alama hiyo, uliza iliyo sawa nayo, kwa sababu ilichaguliwa kubeba mzigo mzito bila kuzunguka.

Kosa la nyundo

Beringi ina pete mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake gololi. Inapoingizwa ndani ya fremu, pete ya nje ndiyo inayobanana na nyumba yake. Nguvu yote inapaswa kupita kwenye pete hiyo. Fundi akigonga pete ya ndani, nguvu ya nyundo hupita kwenye gololi, nazo huacha vijishimo katika njia zao. Kwa nje beringi hung’aa kama mpya. Ndani imekwisha kufa. Baada ya muda mfupi itaanza kukwaruza, na mwenye baiskeli atarudi dukani akidai ameuziwa beringi bandia.

Kuna hatari ya pili. Pigo la upande mmoja huiinamisha beringi, na chuma chake kigumu huichimba aluminiamu laini ya fremu. Beringi hununuliwa upya. Nyumba yake haikui tena.

Zana ya kubania

Dawa yake ni zana ambayo viwanda huiuza kwa bei kubwa, lakini umbo lake ni rahisi: bolti ndefu, nati, washa nene na kipande cha bomba. Mji huu unajua jambo hili. Mafundi wa majahazi wametoboa mbao kwa keekee kwa vizazi vingi, zana ya kamba na upinde. Zana ya kujitengenezea si aibu, mradi ipimwe.

Vitu vinavyohitajika ni vinne.

Kwanza, bolti inayopita kwenye tundu la beringi bila kubana, yenye urefu unaovuka kiungo na zana pamoja. Kwa beringi 6900, bolti ya milimita 8 inafaa. Kwa 608, ya milimita 6. Tafuta yenye alama 8.8 kichwani, ambayo ni ya chuma kigumu. Bolti laini huchuna uzi wake au hukatika inapokazwa.

Pili, kisukumio: washa nene au kipande cha chuma cha duara chenye kipenyo kidogo kuliko kipenyo cha nje cha beringi. Kwa beringi ya milimita 22, kisukumio cha milimita 21 hushika pete ya nje na bado huweza kuingia ndani ya nyumba. Beringi kuukuu ya namba ile ile nayo hufaa, ikisagwa kidogo kwa jiwe la mashine hadi iingie na kutoka bila kubana. Tupa haitaikata, kwa kuwa chuma cha beringi ni kigumu mno.

Tatu, kipokezi: kipande kifupi cha bomba ambacho beringi inaweza kuzama ndani yake. Kwa beringi ya milimita 22, tundu la bomba liwe milimita 24 au 25. Miisho yake ikatwe sawasawa, ikiwezekana kwa fundi wa kukereza vyuma, na ilainishwe isikwaruze fremu. Soketi ya spana yenye kipimo hicho hufanya kazi ile ile.

Nne, nati, na washa nene za kufunika ncha ya bomba. Washa nyembamba hupinda na kuivuta kazi upande.

Kutoa na kuingiza

Vua kwanza pete za kufungia, kama zipo, kwa maana zipo fremu zinazoishika beringi kwa pete ya waya wa springi. Weka kisukumio upande ambao beringi inasukumika, na kipokezi upande inakotokea. Pitisha bolti, paka grisi kwenye uzi wake, kaza taratibu. Beringi itahamia ndani ya bomba. Ikigoma, ipashe moto nyumba yake kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na mshiko hulegea. Usitumie moto wa gesi. Huunguza rangi, hudhoofisha aluminiamu, na huharibu kabisa fremu za kaboni.

Pengine beringi imekaa kwenye tundu lililozibwa nyuma. Hapo hutumika bolti ya kutanukia, ile ya kufungia vitu ukutani: huingizwa kwenye pete ya ndani, hutanuliwa hadi ishike, kisha huvutwa. Beringi iliyotolewa kwa kuvutwa pete ya ndani isirudishwe kazini.

Safisha nyumba kwa kitambaa, ikague kama ina ufa, paka grisi nyembamba. Ilaze beringi mpya sawasawa. Kisukumio kiguse pete ya nje. Kaza robo mzunguko, tazama. Ikiinama, legeza na uanze upya. Itakapofika mwisho mkono utahisi uzito wa ghafla. Acha papo hapo. Anayeendelea kukaza huvunja kingo ya nyumba.

Vaa miwani ya kukinga macho muda wote wa kazi. Na zipo kazi zisizofaa kufanyiwa nyumbani: fremu yenye ufa, fremu ya kaboni, na nyumba iliyokwisha kupanuka. Gundi au kipande cha kopo kilichowekwa kuziba nafasi si matengenezo. Ni ajali iliyoahirishwa.

Mapatano na haki

Si lazima kila mmoja wetu atengeneze zana hii. Lakini kila mmoja anaweza kumwuliza fundi swali moja kabla ya kumwachia baiskeli: “Fundi, beringi utaiingiza kwa nini?” Fundi mzuri hatachukia, atakuonyesha. Akikuonyesha nyundo na tindo peke yake, una hiari ya kwenda kwingine, au ya kumpelekea zana yako. Patana naye pia juu ya nani atakayenunua kipuri na nani atakayebeba gharama kikiharibika wakati wa kufungwa. Mapatano ya mapema hulinda udugu.

Dukani, dai risiti yenye namba ya beringi. Angalia kama maandishi ya kwenye boksi yanalingana na yaliyochorwa kwenye chuma. Maandishi yanayofutika kwa kidole, jina la kampuni lenye herufi iliyokosewa, na vifuniko visivyokaa sawa ni sababu za kutia shaka. Izungushe kwa kidole kabla ya kulipa. Hifadhi boksi, risiti na beringi kuukuu hadi utakaporidhika na kazi.

Ukiamini umeuziwa bidhaa bandia, rudi kwanza kwa muuzaji kwa lugha ya staha. Asipokusikiliza, sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Mambo ya ubora na viwango ni ya Shirika la Viwango Tanzania. Lakini malalamiko husimama kwa ushahidi. Beringi yenye alama za nyundo usoni mwake ni shahidi mbaya: muuzaji atasema iliharibiwa na fundi, nasi hatutakuwa na njia nyepesi ya kumkanusha. Beringi iliyobanwa kwa zana sahihi, ikifa mapema, inaeleza yenyewe ubovu wake.

Ndiyo sababu tumewachukua muda wenu kwa habari ya bolti na kipande cha bomba. Zana hiyo huokoa beringi na fremu. Na pale ambapo bidhaa ndiyo yenye kosa, humwachia mtumiaji haki yake ikiwa safi, bila ya kumdhulumu fundi wala muuzaji asiye na hatia.

Mwenye swali, au mwenye beringi mfukoni anayetaka isomwe namba yake, tunamkaribisha mbele.