Mtoto Mwenye Ulemavu Asifichwe



Mtoto anayehitaji kulishwa, kuogeshwa na kulindwa mchana na usiku humzuia mzazi kwenda kibaruani. Ndiyo sababu mpango wa Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Mlezi humpokelea mtoto.

Hatua ya kwanza ni kumpeleka mtoto hospitali ya serikali akaguliwe, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mlezi abebe kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Halafu amwone chifu au afisa wa maendeleo ya jamii.

Kusajiliwa pekee si hakikisho la malipo. Lakini mtoto aliyefichwa nyumbani hahesabiwi kabisa.