Sudi au Ustadi?



Matokeo ya mitihani yakitoka, hapa Jadida husemwa: "Fulani kabahatika tu." Nitakupeni mfano wa mashindano ya magari, Safari Rally ya mwaka 1973. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Uswidi, wote katika magari ya Datsun, walimaliza na pointi za adhabu sawasawa, 406. Kanuni ikampa ushindi aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Akawa Mehta.

Bahati ipo, sikatai. Safari ilifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika. Wa mbele huvuka mto, wa nyuma akaukuta umefurika. (Sisi Wapemba tope la masika hatuhitaji kuelezwa.) Lakini kanuni ile haikuwa kura. Ilipima uangalifu wa mwanzo wa safari, pale ambapo hakuna aliyejua kuwa ndipo patakapoamua. Tena Mehta akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Kura haimwangukii mtu mmoja mara tano.

Källström, dereva hodari naye, hakuipata Safari kabisa. Pointi moja pungufu ingemtosha.