Kazi ya Kudumu ni Ipi?

(Mazungumzo na wanafunzi wa Kidato cha Nne na cha Sita, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Asubuhi hii pale bwaloni kijana mmoja aliniamkia, kisha akaniuliza, "Kaka, ni kazi gani ambayo mtu akiipata haondolewi?" Swali hilo nililiuliza mimi kabla yake. Naomba niwaeleze majibu niliyoyapata.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo cha umma. Nyumbani tuliamini kuwa mali ya Serikali haifi. Lakini biashara ilipolegezwa masharti katika miaka ya 1980, mitumba na vitambaa vya nje vilijaa sokoni, na mitambo ya kiwanda ilikwisha kuchakaa. Kuanzia mwaka 1992 Serikali iliingia katika kazi ya kurekebisha mashirika yake yapatayo 400. Mengine yakauzwa, mengine yakafungwa. Mwaka 1994, nikiwa Kidato cha Pili hapa hapa, baba alipunguzwa kazini.

Kiinua mgongo chake kilikwisha upesi. Ndipo akaketi barazani na bisibisi na kopo la mafuta, akawa anatengeneza cherehani za watu. Karo yangu ilitoka katika kopo lile. Kiwanda kilikufa, ufundi haukufa. Lakini mimi wakati ule sikuliona hilo; niliona aibu tu.

Kwa hiyo nilipohitimu Chuo Kikuu nilijiapiza: Serikalini tu. Mwaka 2004 nikapata barua ya ajira ya masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni. Baba aliisoma mara tatu, akairudisha katika bahasha bila neno.

Ofisini nilipokewa na mzee mmoja aliyenifundisha kuandika dokezo, kutunza jalada na kumsikiliza mwananchi mwenye hasira. Kazi aliiweza kuliko sisi wenye digrii. Mwezi Aprili 2017 Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi zaidi ya 9,000 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Jina la mzee huyo lilikuwamo. Cheti cha Kidato cha Nne hakikuwa chake. Alibakiza miaka michache tu astaafu. Aliondoka bila kuaga, na mimi, nasema kwa aibu, sikumfuata hata kumpa mkono.

Vijana, wazee hao wawili ndio jibu langu. Mmoja alikuwa na haki zote, mwajiri wake akafa. Mwingine mwajiri wake alikuwa mzima, ila mlango aliopitia haukuwa wa haki.

Basi yafaa mchague kwa mambo matatu. Kwanza, tazameni haja za watu, msitazame jengo la ofisi. Watu wataugua, watahitaji maji, umeme, barabara na walimu. Hata hivyo haja peke yake haitoshi: wako walimu waliohitimu wakasubiri ajira kwa miaka. Kwa hiyo la pili, pateni ujuzi unaokaa mikononi, ambao mtu hawezi kuwanyang'anya kwa barua. Asiyechaguliwa kwenda Kidato cha Tano asidharau chuo cha ufundi. Tatu, cheti chako kiwe chako, hata kama alama zake ni ndogo.

Na mimi je? Kwa wengi wetu Serikalini mwisho ni miaka 60, au 55 kwa hiari. Kwa hiyo hata masharti ya kudumu yana mwisho wake. Siku hizi kila Jumamosi huketi na baba barazani, ananifundisha kufungua cherehani. Nimechelewa, lakini mkono umeanza kuzoea.