Nyumba ya Mtaa wa New Street

Twapenda kuzungumza habari za nyumba moja iliyojengwa Dar es Salaam. Haikuwa nyumba kubwa wala ya fahari. Lakini ilijengwa kwa fedha za wenyewe na kwa mikono yao, nasi twaona habari zake zastahili kujulikana vijijini, ambako watu wengi wamekwisha kutamani nyumba ya mikutano wasijue waanzie wapi.

Yafaa kwanza tuseme walikuwa watu gani. Katika mwaka wa 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali. Kilikuwa chama chema, ila mlango wake ulikuwa mwembamba: mkulima, fundi na mchukuzi hawakuwa na nafasi humo. Mwaka wa 1924 alipita katika nchi zetu Dr. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Miongoni mwa waliozungumza naye alikuwa Kleist Sykes, mzaliwa wa Pangani, mwana wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wadachi. Aggrey alimshauri waunde chama cha kuwakusanya Waafrika wote. Shauri hilo lilikaa moyoni mwake miaka mitano. Mwaka wa 1929 ikaundwa African Association, Mwalimu Cecil Matola akiwa rais wake, na Kleist Sykes katibu.

Basi chama kilikuwapo, lakini chama kisicho na nyumba ni kama mgeni wa kila siku. Hukutana leo barazani kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye nyumba akiugua au akifikiwa na wageni, mkutano umevunjika. Tena mtu hasemi kwa uhuru penye kibali cha mwingine. Kwa hiyo wakaazimu kujenga nyumba yao Kariakoo, mtaa uliopata jina lake katika vita vya 1914 hadi 1918, kwa kuwa hapo palikuwa na kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Bei ya mkonge na ya mazao mengine ilikuwa imeanguka duniani kote, na Serikali ilikuwa ikipunguza watumishi na mishahara. Hebu tufikiri: karani asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na kazi aambiwa atoe mchango wa chokaa na mbao! Hata hivyo walitoa. Tena fedha peke yake haikutosha, nao wakajitolea kufanya kazi wenyewe katika nafasi zao za mapumziko. Sisi twaona hilo ndilo kubwa kuliko fedha, kwani katika siku zile mtu mwenye kalamu mara nyingi aliona haya kushika karai. Matola alifariki mwaka wa 1933, na Sykes mwaka wa 1949.

Baadaye mji ulipata ukumbi mwingine, Arnautoglo Hall, karibu na Mnazi Mmoja, zawadi ya tajiri mmoja mwenye mashamba ya mkonge. Ulikuwa mkubwa na mzuri zaidi, na hatuna neno baya juu yake. Ndimo alimochaguliwa Julius Nyerere kuwa rais wa chama tarehe 17 Aprili 1953, chama ambacho tangu 1948 kiliitwa Tanganyika African Association. Lakini mwaka uliofuata, lilipokuja jambo zito zaidi, wajumbe hawakwenda kwenye zawadi. Walikwenda nyumbani kwao. Tarehe 7 Julai 1954 watu kumi na saba walikaa katika nyumba ya New Street wakakigeuza chama chao kuwa TANU, na kutoka hapo zikawa shughuli zilizoifikisha Tanganyika kwenye uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Ile nyumba ya zamani haipo tena. Mahali pake pamesimama jengo la ghorofa lenye ofisi ya CCM. Mtaa nao umebadilishwa jina, huitwa Lumumba. Mtu akishuka sokoni Kariakoo na kuuliza njia ya huko, ataonyeshwa mara moja.