Nani Anabwabwaja?

Juzi nilikuwa gulioni Kasumulu. Bibi mmoja aliyevuka kutoka upande wa Malawi alikuwa akinunua mchele. Kijana aliyeshika debe, mgeni katika wilaya ya Kyela, hakumwelewa, akacheka: "Bibi, unabwabwaja nini?"

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Wagiriki wa kale nao walikuwa na lao la namna hiyo hiyo. Asiyejua Kigiriki, masikioni mwao alisema "bar-bar-bar", wakamwita barbaros. Homer, katika utenzi wa Iliad, anawataja Wakaria kuwa watu wa sauti ya bar-bar. Na "sauti" hiyo ni phone, ile ile iliyo mkiani mwa maikrofoni hii ninayosemea. Kutoka kwa barbaros Wazungu wakapata jina la kumwitia mshenzi. Angalieni safari hiyo! Mtu alianza kwa kutoeleweka tu, akaishia kuhesabiwa hana ustaarabu.

Kwa Mgiriki, logos ilikuwa neno, na hiyo hiyo ilikuwa akili. Ndiyo tunayoitamka mwishoni mwa saikolojia, jiolojia na teknolojia. Waarabu walipoitafsiri elimu ya Aristotle ya kufikiri sawasawa waliiita mantiki, kutoka katika shina lao la kutamka, nasi tukaipokea. Sasa ukishaamini kwamba usemi na akili ni kitu kimoja, asiyesema kama wewe utamweka kundi gani?

Kumbe bibi yule alikuwa akisema Kingonde. Mto Songwe ulifanywa mpaka kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, lakini Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa cha Kyela wanaisimu huvihesabu kuwa lugha moja. Mimi na stashahada yangu ya uandishi wa habari tulisimama pale tukingoja mkalimani. Mwenye mchele, mama wa makamo, akatokea nyuma ya magunia, akamwamkia bibi, "Mugonile," wakazungumza kama majirani wa kisima kimoja.

Bibi alitaka madebe mawili. Na alichokuwa akikisema muda wote ule ni kwamba debe la kijana limebonyezwa kitako. Mama akaligeuza, akalitazama, akamtuma kijana akalete jingine.