Oili ya difu: usihesabu kilomita peke yake

Tangu tarehe 29 Agosti 2023, gari la dizeli lisilotimiza viwango vya moshi hutozwa pauni 12.50 kwa siku linapoendeshwa Croydon, kama ilivyo katika mitaa yote ya London. Mwenye Land Rover ya namna hiyo aweza kuamua kuisafirisha Afrika Mashariki. Kabla haijafika bandarini, na aiangalie difu.

Difu hugawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ya ekseli, na oili nzito iliyomo hulinda meno ya gia. Vitabu vya magari mengi ya aina hii hutaja kuibadilisha kila baada ya kilomita 40,000 hivi. Penye kazi nzito, mapema zaidi. Hesabu hiyo yatosha kwenye lami ya Croydon, lakini haitoshi mtoni. Difu yenye moto ikizama katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili zilizochakaa au tundu la kupumulia. Oili hugeuka rangi ya maziwa, na beringi huanza kuliwa na kutu.

Kwa hiyo, ukivuka maji yaliyofunika ekseli, kagua oili mapema, usingoje kilomita. Ikiwa imegeuka rangi, imwage. Fungua kwanza boliti ya kujazia, kisha ya kumwagia. Ya juu ikikataa baada ya oili kumwagika, huna pa kujazia nyingine. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni jambo la kawaida; vipande vya meno ni onyo. Lita chache za oili ni nafuu kuliko difu iliyovunjika mbali na gereji.