Angove: Jina la Mhunzi

Majina mengine ya ukoo ni kazi ya babu iliyosahaulika. Leo nimechagua Angove, jina la watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kwa Kikorni, lugha ya wenyeji wa huko, "an gof" ni mhunzi, mfua chuma. Basi.

Lakini mhunzi mmoja alimtikisa mfalme. Mwaka 1497 Henry wa Saba aliwatoza watu kodi ili apigane na Waskoti, huko kaskazini kabisa. Watu wa Cornwall hawakuona vita hivyo vinawahusu nini. Michael Joseph, mhunzi wa kijiji cha St Keverne, ndiye An Gof mwenyewe, akaongoza maelfu kwa miguu hadi mlangoni mwa London, pamoja na mwanasheria Thomas Flamank. Walishindwa Juni 17. Siku kumi baadaye wakauawa.

Lugha nayo ilififia. Dolly Pentreath, anayehesabiwa miongoni mwa wasemaji wake wa mwisho, alifariki mwaka 1777. Jina likabaki, likavuka bahari na wahamiaji hadi Australia.

Siku hizi wapo wanaojifunza Kikorni upya. Angove anayeingia darasa hilo, nadhani, neno moja analo tayari: limo katika pasipoti yake.